Lindsborg, Kansas: inafaa kusimama?

Dada, umeuliza kama Lindsborg, mji mdogo wa Marekani ulioanzishwa na wahamiaji Waswidi, inastahili siku nzima ukitoka Wichita kwenda Salina. Inastahili kabisa! Anza na kinu cha unga cha 1898, kisha banda la Sweden lililoletwa kutoka maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904. Lakini muda wako mwingi upe jumba la michoro ya Birger Sandzén, mchoraji mzaliwa wa Sweden, pale Chuo cha Bethany. Rangi kaipaka nene mno, ukisogea unaona kila mkwaruzo wa brashi. Mchana kula kwenye mikahawa ya barabara ya Main, uulizie chakula cha Kiswidi. Karibu na hapo wanachonga farasi wa mbao. Ila usiende Jumatatu, jumba la Sandzén hufungwa.