Usichague "ya kwangu" kila faili: kurudisha branchi ya siku nyingi kwenye main

Mkuu habari za Moshi, mimi niko huku Arusha, Njiro. Nimesoma swali lako nikaona nikae nijibu kwa urefu, sababu majibu mengi hapo juu yamekupa amri za kuandika lakini hayajakwambia ndani kunatokea nini, na kwenye hili suala usipoelewa kinachotokea unaweza kufuta kazi za wenzako na hamna eraa hata moja itakayokuonyesha.

Kwa watakaosoma baadaye: hii ni kuhusu Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi. Jamaa ana branchi (mstari wake wa kazi wa pembeni) ya moduli ya malipo, alitoka nayo main (mstari mkuu wa timu) kama mwezi na nusu uliopita, wenzake wawili wakaendelea kukomiti main, yaani kuhifadhi mabadiliko yao humo, kama kawaida. Sasa akimerji (akiunganisha pande mbili) anapata konflikti kwenye mafaili zaidi ya 30, na bosi wake kamwambia achague tu "ya kwangu" kila faili apushi (aipeleke kwenye seva ya timu) maana mteja anasubiri.

Mkuu usifanye hivyo, nakuomba kabisa. Tuanze na jinsi Git anavyomerji. Git halinganishi faili lako na faili la main peke yake, anatafuta kwanza komiti ya mwisho ambayo nyote mlikuwa nayo kabla hujatoka, ndo msingi wenu, kisha anauliza kila upande umebadilisha nini tangu hapo. Chukulia karatasi ya bei ya ofisini imetolewa kopi mbili, kila mtu akaenda na ya kwake akasahihisha kwa kalamu, mkirudi mnaweka kopi zote mbili pembeni ya karatasi ya zamani: palipoguswa na mtu mmoja mnachukua ya huyo, hapana ubishi, na palipoguswa na wote wawili kwa namna tofauti hapo ndo mnakaa mnaongea. Konflikti ni hapo pa kuongea tu, siyo kwamba programu imeharibika.

Sasa ukiandika `git checkout --ours` kwenye faili lenye konflikti, huchukui ya kwako pale penye ubishi tu, unachukua faili lako ZIMA kama lilivyokuwa, maana yake hata yale marekebisho ya mwenzako ambayo yalikuwa hayana ubishi wowote mule ndani yanaondoka. Hiyo ni tofauti na `git merge -X ours` ambayo inachukua ya kwako kwenye vipande vyenye ubishi tu na vingine vinaingia kawaida, na zote mbili ni tofauti na `git merge -s ours` ambayo haichukui chochote kabisa kutoka upande wa pili ila inaandika kwamba mmemerji. Majina yanafanana, madhara hayafanani hata kidogo. Na kama unarebesi (unazipanga upya komiti zako zikae juu ya main) badala ya kumerji basi ours na theirs zinageuka, ours inakuwa ile main unayojengea juu yake na theirs ndo komiti zako mwenyewe, hili linawaumiza watu wengi sana sababu wanakariri.

Kibaya zaidi ni kinachofuata. Ukishakomiti hiyo merji, Git anaandika kwenye historia kwamba branchi yako ishapokea kila kitu cha main mpaka siku ile. Kwa hiyo ukienda kuirudisha main, yale marekebisho ya wenzako yaliyokosekana hayahesabiki kama yamesahaulika, yanahesabika kama WEWE umeyafuta kwa makusudi, na main inayafuta kimyakimya bila konflikti. Na kumerji tena hakuyarudishi, sababu kwa Git hiyo kazi ilishamalizika. Mwenzako atakuja kuuliza mbona ile bagi (kosa la programu) aliyoirekebisha imerudi, mtatafuta mpaka mchoke.

Haya, cha kufanya sasa. Kabla ya yote hakikisha `git status` ni safi, kisha tengeneza akiba, `git branch akiba-malipo`, hiyo inabaki pale pale hata ukiharibu vipi huku. Kisha `git fetch`, inashusha mapya ya wenzako kutoka kwenye seva bila kugusa kazi yako; main hiyo ya seva utaiona kwa jina la origin/main. Kwa sisi wa bando na umeme wa kukatika hii ni habari njema, intanenti unahitaji kwenye fetch na push tu, kazi yote ya Git ya katikati unaifanya kwenye laptop bila mtandao.

Halafu washa kitu ambacho sijui kwa nini hakiwi cha kawaida tangu mwanzo: `git config merge.conflictStyle zdiff3`. Kinahitaji Git 2.35 ya Januari 2022 au mpya zaidi, kama yako ni ya zamani weka diff3. Ukiacha ya kawaida unaonyeshwa pande mbili tu, ya kwako na ya main, ukiwasha hii unaonyeshwa na ule msingi katikati. Nikuonyeshe kipande cha mfumo wa bukingi za safari tunaoutunza hapa mjini, kimefupishwa (HEAD ni upande wangu):

<<<<<<< HEAD
jumla = ada * siku * (1 + VAT)
||||||| msingi
jumla = ada * siku
=======
jumla = ada_kwa_umri(umri) * siku
>>>>>>> origin/main

Ondoa huo mstari wa katikati uone. Unabaki na mistari miwili inayogombana, na mtu mwenye haraka anachagua mmoja. Ukiwa nao unaona vizuri kabisa: mwanzoni ilikuwa ada mara siku, mimi upande wangu nikaongeza VAT, mwenzangu upande wa main akaongeza umri, sababu mtoto halipi hifadhini sawa na mtu mzima. Hamna anayempinga mwenzake. Jibu ni kuziweka zote, `jumla = ada_kwa_umri(umri) * siku * (1 + VAT)`, na hilo jibu halipo upande wowote, lazima uliandike wewe. Konflikti nyingi nilizokutana nazo ni za hivi, ndo maana huo ushauri wa kuchagua upande siupendi, unachukulia kwamba mmoja kakosea wakati wote wawili wako sahihi.

Usimerji mwezi na nusu kwa mkupuo mmoja. Andika `git log --oneline --reverse --first-parent HEAD..origin/main` utaona komiti za main ambazo huna, kuanzia ya zamani. Zigawe vipande, anza na komiti inayofunga kipande cha kwanza, `git merge` na namba yake, tatua konflikti chache zilizotokea, endesha testi, komiti, kisha sogea mbele kwa kipande kingine. Badala ya mafaili 30 yanayokurukia pamoja unapata manne, halafu mawili, halafu sita, na kila mara unajua ni komiti ya nani imeleta ubishi kwa hiyo unampigia mwenyewe unamuuliza alikuwa anakusudia nini. Simu ya dakika mbili inaokoa mengi hapa, kuliko kukaa unabuni nia ya mtu. Ukipotea katikati, `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa. Na washa `git config rerere.enabled true`, Git atakumbuka ulivyotatua, ukirudi nyuma ukarudia ile merji anajaza mwenyewe. Ila anakumbuka na ulivyokosea pia, hapo kuna `git rerere forget` na jina la faili.

Na kabla hujaanza kutatua hayo 30, fungua matatu manne uyaangalie. Kama konflikti inaanza mstari wa kwanza mpaka wa mwisho wa faili zima, na maneno pande zote mbili ni yale yale, basi hiyo siyo konflikti ya kazi, ni miisho ya mistari. Mmoja wenu yuko Windows mwingine Linux, au editor ya mtu imefomati faili zima. Jaribu kumerji upya na `-X renormalize`, au `-X ignore-space-change`, unaweza ukashangaa 30 zikabaki 8. Baadaye wekeni faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto` liingie main, ugonjwa huo unaisha.

Mafaili yanayojitengeneza yenyewe kama package-lock.json (orodha ambayo npm, programu ya kushusha maktaba za JavaScript, inaiandika) usiyahangaikie kwa mkono, tatua package.json kwanza kisha endesha `npm install` yenyewe italipanga. Na kama mko Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti) na wote mmeongeza migresheni (mafaili ya kubadilisha muundo wa database) kuna `makemigrations --merge`, ila zisome zote mbili kabla, usiamini tu.

Sasa sehemu ambayo naiona muhimu kuliko zote na hamna aliyeigusa hapo juu. Merji kupita bila konflikti HAINA maana programu iko sawa. Git anaangalia mistari, haelewi maana yake. Kwenye huo huo mfumo wetu mtu mmoja alibadilisha fankisheni ya bei ili irudishe bei ikiwa na VAT ndani tayari. Wiki hiyo hiyo mwingine kwenye branchi yake akatengeneza ukurasa mpya wa invoisi, unaita ile fankisheni halafu unaongeza VAT ya asilimia 18 juu yake, maana alipotoka main fankisheni ilikuwa hairudishi VAT. Mafaili mawili tofauti, hamna mstari uliogusana, merji ikapita safi kabisa. Branchi ya kila mmoja testi zake zilikuwa kijani. Lakini zikikaa pamoja, bukingi ya dola 100 badala ya kuwa 118 inatoka 139.24, na huyo ni mgeni aliyeshaambiwa bei kwa email. Ilikamatwa kwa sababu testi zinaendeshwa tena juu ya matokeo ya merji yenyewe, siyo juu ya branchi peke yake, na kulikuwa na testi moja inayolinganisha jumla ya invoisi na jumla ya bukingi. Ile moja tu. Wewe uko kwenye moduli ya malipo mkuu, kwa hiyo hili nakusisitizia kuliko yote, pesa za watu zikikosewa hesabu hamna anayejali kama Git alisema safi.

Kwa hiyo ukimaliza vipande vyote endesha testi zote upya, kisha andika `git diff origin/main HEAD` usome mstari kwa mstari. Hapo unaona kila kitu ambacho branchi yako itabadilisha main. Angalia hasa mistari iliyotolewa, ile yenye alama ya kutoa, kila mmoja jiulize kama wewe ndo ulikusudia kuutoa. Ukikuta mstari wa mwenzako umetoka na wewe hata hilo faili huna habari nalo, umepata kosa la kutatua konflikti kabla halijamfikia mteja.

Kuna mtu kasema hapo juu "branchi ni mbaya, wote mfanye kazi main moja kwa moja". Naelewa anapotokea, waliofanya kazi na Subversion, programu ya zamani ya kazi kama ya Git, waliteseka kweli, kabla ya toleo la 1.5 la mwaka 2008 lilikuwa halikumbuki lenyewe nini kishamerjiwa, ilibidi uandike pembeni. Lakini Git ni tofauti, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianza Aprili 2005 baada ya watu wa kernel (kiini) ya Linux kunyang'anywa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wanatunzia kodi yao, na kernel ni kazi ya watu wengi waliotawanyika duniani, kumerji ndo ilikuwa shida yenyewe ya kutatua. Branchi haina ubaya. Ubaya ni kukaa nayo muda mrefu bila kuonana na main, kila siku inayopita wenzako wanajenga juu ya vitu ambavyo wewe umeshavibadilisha na hawajui.

Sisi huku tunachukua main kila asubuhi kabla ya kuandika chochote, `git fetch` halafu unamerji kwenye branchi yako, konflikti ikiwepo ni ya jana na aliyeileta bado anakumbuka. Moduli kubwa kama ya malipo inaingia main vipande vipande ikiwa imezimwa kwa swichi kwenye seting, mteja haioni mpaka iwashwe, lakini wenzako wanaiona na wakibadilisha kitu testi zinapiga kelele siku ile ile. Na kupanga upya majina ya mafaili au kufomati tunaweka kwenye PR (ombi la kuingiza mabadiliko main) yake peke yake inayoingia haraka, kamwe haichanganywi na kazi nyingine. Kurebesi sawa kama branchi ni yako peke yako, ikiwa kuna mwenzako anaitumia achana nayo, na kama ni lazima upushi kwa nguvu basi iwe `--force-with-lease` siyo `--force`, hiyo inakataa ikikuta kuna mtu kapushi kitu ambacho hujakiona.

Kuhusu bosi wako na mteja anayesubiri, mwambie ukweli: kwa njia hii ni kazi ya siku moja au mbili, na mwonyeshe `git diff` ya ile njia yake aone mistari ya wenzako ingefutika mingapi. Nadhani ataelewa, hawa watu wengi wanasema hivyo kwa presha tu.

Jaribu kwanza hilo la miisho ya mistari, halafu weka hapa hiyo `git log --oneline --reverse --first-parent` yako (toa majina ya wateja kama yapo kwenye meseji za komiti) nikuangalizie pa kukata vipande. Jioni nitakuwepo.