Maswali na majibu ya mirathi: taito (hati ya shamba) ingali na jina la babu

*Mimi na mke wangu bado vijana, tumepanga chumba Nyalenda, Kisumu. Tuna mtoto wa miaka miwili. Shamba hatuna. Wosia wa nini?*

Ndugu yangu, shamba huna, lakini una akiba kwenye Sacco na una mtoto. Anza na Sacco. Ulipojiunga ulijaza fomu ya mteule, yaani mtu atakayepewa akiba yako ukifariki. Unakumbuka uliandika nani? Vijana wengi huandika mama au kaka, kisha wanaoa na kusahau. Akiba ya Sacco iliyoandikiwa mteule haingii kwenye mirathi. Mkeo anaweza kufika pale na cheti cha ndoa mkononi na bado pesa ikamwendea kaka yako. Pita uibadilishe wiki hii.

Wosia wenyewe utakufaa kwa jambo moja kubwa: kumtaja atakayemlea mtoto mkiondoka nyote wawili. Ukurasa mmoja unatosha, na sheria haikulazimishi kuwa na wakili. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili wakikuona, nao watie zao. Usimfanye shahidi mtu unayemwachia kitu, maana alichoachiwa kinaweza kubatilika.

*Nina wake wawili, mmoja Molo, mwingine Nakuru mjini. Wa kwanza tumezaa watoto watano, wa pili wawili. Nisipoandika chochote, mali itagawanywa nusu kwa nusu?*

Hapana. Sheria ya Urithi huhesabu vichwa: watoto wa kila nyumba, na mama yao akiwa hai anaongezwa kama kichwa kimoja. Nyumba ya Molo ina sita, ya mjini tatu. Kwenye ekari tisa, Molo inapata sita.

Ila kuna jambo ambalo wanaume wenye nyumba mbili hawapendi kulisikia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa mliyochuma wewe na mke wa kwanza kabla hujaoa wa pili ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Kwa hiyo kabla ya kugawa, jiulize kwanza kipi ni chako cha kugawa. Halafu andika, tena ungali na nguvu za kuwakalisha wote sebule moja.

*Mume wangu alifariki 2019. Ekari tatu tunazolima hapa Bungoma zingali na jina la baba mkwe, aliyefariki 2004. Shemeji ameuza nusu ekari na ananiambia mimi ni mgeni tu.*

Pole sana, mama. Wewe si mgeni. Baba mkwe alipofariki mumeo alikuwa hai, kwa hiyo fungu lake lilikuwa limeshakuwa lake, na yeye alipoondoka lilikuja kwako na kwa watoto. Shida ni kwamba una mirathi mbili zilizopandana, na wengi hukosea kwa kuanza na ya mume. Taito haina jina lake! Fungua kwanza ya baba mkwe.

Kuhusu ile nusu ekari: hakuna anayeruhusiwa kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijamthibitisha kuwa msimamizi na kukubali mgao. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamweka anayejiingiza kwenye mali ya marehemu kwenye hatari ya faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Naye aliyenunua amenunua maneno. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi uombe kuweka zuio kwenye rekodi ya shamba, asije mwingine akauziwa.

Kisha utahitaji cheti cha kifo cha baba mkwe, sachi ya shamba (karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha shamba liko kwa jina la nani), na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Barua hiyo isome palepale ofisini, kidole juu ya kila jina. Wanaorukwa mara nyingi ni mawifi zako walioolewa, na jina lililofichwa linaweza kuangusha kesi nzima baadaye. Binti ana haki sawa na kaka yake. Mahakama ya Rufaa ilishalisema hilo mwaka 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono.

Shemeji akikataa kutia sahihi, usimbembeleze. Iombe mahakama imwite aje aeleze. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na hakimu mkuu, si lazima Mahakama Kuu. Ombi litatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kwa siku 30, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita tangu upewe usimamizi. Ni safari ndefu, lakini endelea kulima.

*Mimi ni mzee wa miaka 78, Vihiga. Wavulana wanne nimewaonyesha mipaka na kupanda miti. Mabinti wawili wameolewa. Kuna haja ya karatasi?*

Mzee wangu, miti haiendi mahakamani kutoa ushahidi. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili au zaidi, na kwa raia wa kawaida unasimama tu kama msemaji amefariki ndani ya miezi mitatu. Sisi tunakuombea miaka. Andika, na mabinti uwataje. Kama unataka kugawa ukiwa hai, utahitaji ridhaa ya mkeo na kibali cha bodi ya ardhi. Na nyumba unayolala usiitoe.

*Mimi ni Mwislamu wa Kisumu. Haya yananihusu?*

Mirathi yako hufuata sharia, na Kisumu kuna mahakama ya Kadhi. Wosia usizidi theluthi moja ya mali, na kwa kawaida hauwi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi.

*Baba anakasirika tukitaja wosia. Anasema tunamwita kifo. Tufanyeje? (Kakamega)*

Msilitaje neno lenyewe. Mimi nilimuuliza baba yangu jioni moja tukinywa chai, "Ile karatasi ya shamba huwa unaiweka wapi, panya wasiile?" Akacheka, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na risiti za kupeleka miwa kiwandani, kadi ya kliniki ya dada yangu, na chini kabisa taito yenye jina la babu. Baba aliigeuza mara mbili kama anayetafuta jina lake upande wa pili. Jumatatu tulikuwa kwa chifu.