Kanuni ya Boyle kwa bomba la sindano: vipimo huharibikia wapi

Ili kuona jinsi ujazo wa gesi unavyopungua kadiri kanieneo inavyoongezeka, bomba la sindano la ml 60, koleo, kibao na pakiti nne za sukari za kilo moja vinatosha. Wengi hukwama kwenye hesabu: huchukua kanieneo ya mzigo peke yake na kuiacha ya angahewa, ndiyo maana P × V (kanieneo mara ujazo), ambayo kwa kanuni hii inapaswa kubaki ileile, haitulii.

Vuta pistoni hadi ml 30, pasha ncha kwa mshumaa, ibane kwa koleo. Simamisha bomba ndani ya tundu la gogo dogo, kibao juu ya pistoni. Pima kibao nacho, maana ni mzigo.

Eneo la pistoni usilikisie. Pima kwa rula umbali kati ya alama ya 0 na ya 50. Ukipata sm 9, basi 50 ÷ 9 ni takriban sm² 5.6, kwa kuwa ml 1 ni sm³ 1. Kilo 2 zina kani ya takriban N 19.6; ukiigawa kwa eneo hilo unapata kanieneo ya kPa 35. Hapo ndipo uongeze ya angahewa: Dar es Salaam ni karibu kPa 101, ila Nairobi na Mbeya ni kama 83 tu kwa sababu ya mwinuko. Kwa Dar, jumla ni 136, na ujazo unaotarajiwa ni 30 × 101 ÷ 136, yaani kama ml 22.3. Nairobi utapata kama 21.1 kwa mzigo uleule.

Msuguano wa mpira ndio adui mkubwa. Kwa kila mzigo, sukuma pistoni chini kidogo, iachie, soma. Kisha ivute juu kidogo, iachie, soma tena. Tumia wastani. Tone la gliserini husaidia. Subiri dakika moja kabla ya kusoma, kwani hewa ikibanwa ghafla hupata joto, na usilishike bomba kwa kiganja.

Ukiondoa mizigo yote, wastani urudi 30. Ukiwa chini ya hapo, ncha inavuja, anza upya.

Chora V dhidi ya 1/P. Mstari ukikata mhimili wa V chini kidogo ya sifuri, kiasi hicho ndicho hewa iliyofichika kwenye ncha, ambayo alama za bomba haziihesabu.