Unaenda Rwanda kujitolea kufundisha Kiingereza? Soma hii kabla hujapanda basi

Mwezi huu pekee nimeulizwa na vijana watatu hapa Nairobi ati hiyo kazi ya kujitolea Rwanda ikoje, sasa wacha niandike mara moja nimalize.

Nilikaa Huye, kusini mwa Rwanda, muhula mmoja. Niliambiwa ni madarasa mawili kwa siku. Nikafika nikapata walimu wawili hawapo, mmoja amejifungua, mwingine amehamishwa, kwa hivyo mawili yakawa manne, halafu watoto wa shule hiyo walikuwa wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, yaani ukimaliza na hawa unaanza upya na wale, somo lilelile, mzaha uleule, na huku sauti imeisha. Wiki ya tatu nilikuwa naongea kama shabiki ametoka mechi ya mpira ya Gor Mahia.

Kitu ya kwanza, madaftari. Nilikuwa nabeba sitini hivi nyumbani kila jioni ati nisahihishe yote, nalala saa saba usiku. Usijaribu hiyo. Andika majibu ubaoni, watoto wabadilishane daftari wasahihishane, wewe beba kumi tu, kesho kumi zingine. Hakuna mtu aliniuliza hizo hamsini zimeenda wapi.

Makaratasi: kitambulisho cha Kenya kinakuvusha mpaka, Uganda unapopitia na pia Rwanda, lakini kuvuka sio ruhusa ya kufanya kazi, kwa hivyo sumbua waliokualika wakueleze hiyo ruhusa mapema ukiwa bado uko kwenu.

Sasa hapa ndipo nilikosea vibaya, na ndio sababu hasa naandika. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule ziache Kifaransa zifundishe kwa Kiingereza. Fikiria hiyo kidogo. Mwalimu wa miaka hamsini amesoma sekondari kwa Kifaransa, leo anafundisha hesabu na sayansi kwa lugha aliyojifunza akiwa tayari kazini, ni kama wewe uambiwe Januari utafundisha fiziksi kwa Kifaransa. Ukimsikia akisema "I have fifty years" usicheke, Kifaransa ndivyo kinavyosema umri, mtu ana miaka, hayuko miaka.

Mimi hayo sikuyajua. Wiki ya pili nimekaa nyuma ya darasa la mwenzangu, mzee mpole sana, akakosea sentensi, nami nikanyoosha mkono nikamrekebisha mbele ya watoto, na tabasamu juu. Hakunijibu kitu. Kutoka siku hiyo nikiingia tu kwa darasa lake anahamia Kinyarwanda ama anawapa watoto kazi ya kunakili, wiki mbili nzima. Mwishowe nikamfuata kwa chai nikamwomba msamaha. Akaniambia kwa Kiswahili, maana baadhi ya wakubwa huko wanakisikia kiasi: "Mbele ya watoto mimi ni mwalimu. Ukitaka niwe mwanafunzi, nitafutie saa yangu."

Nikamtafutia. Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu, watoto wakishaenda, mlango umefungwa. Walianza watano wakafika kumi na mmoja. Hatukugusa sarufi kabisa. Kila mtu alikuja na somo la kesho yake tukalifanyia mazoezi kwa sauti, zile sentensi atakazotumia kweli, fungua ukurasa fulani, nani atakuja ubaoni, gawanya kwa mbili, umepataje hilo jibu. Kesho yake unapita koridoni unaisikia sentensi yenyewe ikitoka darasani, na watoto wanaijibu. Kama ningerudi leo ningeomba hizo saa kabla sijashika chaki, hata kama ni kukataa darasa moja la watoto, juu muhula ukiisha wewe unapanda basi na yule mwalimu anabaki na hao watoto mwaka mzima.

Mambo ya r na l nayo msijipe presha. Kinyarwanda hazitofautiani sana, na mimi Mkikuyu wa Kirinyaga nilikuwa nimesimama hapo nafundisha "rice" na "lice" na mama yangu hadi leo anaita lori rori. Niliwaambia hivyo, wakacheka, tukaendelea.

Jiandae pia kuna wazazi watakuja kumwona mzungu, wakukute wewe. Mmoja aliniangalia juu hadi chini akauliza mwalimu mwenyewe atafika lini. Jifunze salamu zao, mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana, murakoze ni asante, hiyo itakusaidia kuliko cheti chochote. Na usipange masomo ya ziada Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi hiyo ni umuganda, nchi nzima iko nje inafanya kazi za jamii na wewe utapewa jembe kama wengine.

Kwa begi weka sweta, asubuhi huko kuna baridi, chaki zako za rangi, tangawizi ya koo, na usiweke chochote kwa mifuko ya plastiki, huko waliipiga marufuku 2008, sisi tukafuata 2017. Halafu rudisha saa yako nyuma saa moja. Mimi yangu ilibaki ya Nairobi, siku ya kwanza nikafika shuleni kabla hata mlinzi hajafungua geti, nikakaa kwa jiwe hapo nje na tai yangu, ng'ombe zinapita.