Maswali na majibu: bakteria wa utumbo na vimelea sugu kwa dawa

Tumezoea kuambiwa kwamba bakteria ni adui. Inakuwaje waliomo tumboni wanilinde dhidi ya bakteria wengine?

Ulinzi huo hautokani na hisani yao bali na kugombea riziki. Bakteria wa maradhi kama Klebsiela au E. koli aliye sugu, yaani asiyeuawa na dawa, anapoingia kwa chakula au maji hukuta virutubisho vimekwisha kuliwa na wenyeji wa utumbo mpana, na kadiri wenyeji hao walivyo wa aina nyingi, ndivyo mgeni anavyobakiwa na kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha mwaka 2023 kwamba aina moja moja ya bakteria ilitoa kinga hafifu, lakini makumi ya aina zilipokaa pamoja, Klebsiela na Salmonela, bakteria mwingine wa maradhi, walishindwa kustawi.

Njia ya pili inanivutia zaidi. Bakteria wetu huchachusha nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe, na hutoa asidi iitwayo butireti. Seli za ukuta wa utumbo hutumia butireti kama nishati na, katika kuichoma, humaliza oksijeni iliyo karibu, kwa hiyo ndani ya utumbo hewa hiyo huwa haba mno. E. koli na jamaa zake, ambao hustawi upesi wanapoipata, hubaki wachache. Wako pia bakteria wanaobadili asidi za nyongo ziwe za aina inayomzuia Klostridiamu difisile, msababishi wa kuhara kukali baada ya matibabu ya antibiotiki.

Antibiotiki huharibu nini hasa?

Dawa hizi hazichagui. Huua walengwa pamoja na wenyeji wasio na hatia, ilhali kimelea sugu hubaki hai na kukuta nafasi, chakula na oksijeni. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1950, pale watafiti wa Chicago, Marjorie Bohnhoff na C. Phillip Miller, walipowapa panya antibiotiki iitwayo streptomaisini. Bila dawa, zilihitajika takriban Salmonela 100,000 ili kuambukiza nusu ya panya. Baada ya dozi moja, Salmonela wasiofika kumi walitosha.

Kwa binadamu tunao ushahidi wa Wafini 430 waliosafiri katika nchi za joto, uliochapishwa mwaka 2015. Kati ya wasioharisha wala kutumia antibiotiki, asilimia 11 walirudi wakiwa na bakteria sugu utumboni. Kati ya walioharisha na kumeza antibiotiki, asilimia 37. Kuhara peke yake kuliongeza hatari pia, lakini dawa iliizidisha. Ndiyo maana naona kununua vidonge dukani kwa kila tumbo la kuhara ni kujifungulia mlango, ingawa aliyeandikiwa dawa na daktari kwa nimonia au homa ya matumbo hana sababu ya kuikwepa.

Nikiwa nimebeba vimelea sugu, je, mimi ni mgonjwa?

La. Wengi huwabeba bila dalili yoyote, na mara nyingi huondoka wenyewe: katika utafiti wa wasafiri wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, nusu ya waliowapata walikuwa wameachana nao ndani ya mwezi mmoja hivi, ingawa takriban asilimia 11 bado walikuwa nao baada ya mwaka. Hatari huja wanapohamia kwenye njia ya mkojo, kidonda au damu.

Je, mtindi au vidonge vya bakteria hurejesha kinga baada ya dozi?

Mtindi ni chakula kizuri, lakini bakteria wake si wale waliopotea. Kuhusu vidonge, utafiti mdogo wa Israeli wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vilichelewesha kurudi kwa wenyeji, hata kuliko kuacha utumbo ujirekebishe wenyewe. Mimi singevinunua kwa kusudi hilo.

Ni kweli kwamba kinyesi cha mtu mwingine hutumika kama tiba?

Ni kweli, kwa Klostridiamu difisile anayejirudia. Nchini Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona baada ya kupandikizwa mara moja, dhidi ya 4 kati ya 13 waliopewa antibiotiki ya vankomaisini peke yake. Hata hivyo, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikizwa kinyesi kilichokuwa na E. koli sugu, na tangu hapo imetaka kila mtoaji apimwe vimelea hivyo kwanza. Si tiba ya kujaribiwa nyumbani.