Mama Wakili Anajibu: Je, mwenye mashine ya fotokopi ni mwizi?

*Jambo Mama Wakili. Nina mashine mbili za fotokopi na kompyuta moja hapa Kamalondo, Lubumbashi. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo. Wananiletea vitabu vya kuazima na flashi zilizojaa PDF, nami nawatolea kurasa wanazotaka. Juma lililopita profesa mmoja aliikuta silabusi yake, yaani kitini cha kozi anachowauzia wanafunzi, kwenye mashine yangu. Akaniita mwizi mbele ya wateja, akasema atanishtaki. Silabusi yenyewe haina stempu wala namba ya kuandikishwa popote. Je, ana haki? Nifunge kazi?*
— Mwenye fotokopi, Kamalondo

Usifunge, ndugu yangu. Na kukuita mwizi mbele ya watu hakukuwa na adabu. Ila kuhusu silabusi, profesa ana haki, na stempu haihusiki hapo. Tunaongozwa na Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo humlinda mtunzi kwa sababu ametunga, basi. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa haki za watunzi, ambao Kongo imo tangu 1963, unakataza kabisa haki hiyo isitegemezwe na kuandikishwa ofisini. Kwa hiyo ukitoa nakala ya silabusi nzima, ukaibana, ukaipanga kwenye rafu na kuiuza nusu ya bei yake, hapo umevuna shamba la mtu. Acha jambo hilo leo.

Lakini tazama pia mipaka ya shamba lenyewe. Anachomiliki profesa ni maneno alivyoyapanga, michoro aliyochora, mazoezi aliyobuni. Maarifa yaliyomo hayamiliki. Namna moyo unavyosukuma damu, kanuni ya Ohm, historia ya reli ya Katanga, vyote hivyo havina mwenyewe. Mwanafunzi akisoma, akaelewa, akaandika muhtasari kwa maneno yake, kisha akakuletea daftari umtolee nakala kumi za wenzake, mtolee bila hofu. Na kunukuu kifungu cha kitabu kilichokwisha kuchapishwa, kwa kiasi cha haki na kwa kumtaja mtunzi, ni ruhusa ambayo Mkataba wa Berne umezilazimisha nchi zote wanachama kuiheshimu.

Kuna kesi ambayo ningetaka kila mwenye mashine mjini mwetu aijue. Ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, India, palikuwa na kibanda cha fotokopi kiitwacho Rameshwari. Walimu walichagua kurasa katika vitabu mbalimbali, kibanda kikazitoa na kuzibana kuwa kitini kimoja, wanafunzi wakanunua kwa bei wanayoiweza. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, wakakipeleka mahakamani. Kibanda cha fotokopi! Wanafunzi na walimu hawakukiacha peke yake; waliingia katika kesi upande wake. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikakipa ushindi: sheria ya India inaruhusu nakala zinazotolewa kwa ajili ya mafundisho, na haki ya mtunzi si haki iliyoshuka kutoka mbinguni. Imewekwa na sheria ili elimu istawi kwa faida ya wote. Desemba mwaka huohuo majaji wa rufani wakashikilia msingi huo, na Machi 2017 wachapishaji wakaiacha kesi.

Delhi si Lubumbashi, najua. Sheria ya India ina kifungu chake chenyewe juu ya mwalimu na mwanafunzi, na hakimu wetu hafungwi na hukumu ya kule. Lakini Mkataba wa Berne unaziachia nchi zote nafasi ya kuruhusu kazi za watu zitumike katika kufundishia, na huko ndiko ningeelekeza utetezi wako kama ungenijia na karatasi ya mashtaka. Ili nipate cha kushika, fanya hivi: mteja akileta kurasa za kitabu kwa ajili ya kozi, mwombe karatasi ya mwalimu inayotaja kozi, kitabu na kurasa. Iweke kwenye faili. Sura moja iliyochaguliwa na mwalimu si sawa na kitabu kizima ulichokipakua mwenyewe ukachapa nakala hamsini.

Sasa hizo PDF. Usizitazame zote kwa jicho moja. Fungua ukurasa wa pili au wa tatu, mahali pa jina la mchapishaji. Ukiona maneno Creative Commons, yaani leseni zilizoanza kutolewa mwaka 2002, mtunzi mwenyewe amesema nakili na ugawe, mradi umtaje. Yakifuatwa na herufi NC, amekataza biashara. Wenye mashine huniuliza hapo: je, mimi ninayelipwa kwa kila ukurasa nafanya biashara? Swali hilohilo lilifika mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko New York, Marekani, mwaka 2018, kampuni ya vitabu Great Minds ikiidai FedEx Office, ambayo ina maduka ya fotokopi. Mahakama ikasema shule inayotumia kitabu bila biashara inaweza kumlipa mwenye mashine aitolee nakala, leseni haijavunjwa. Ni hukumu ya Marekani, lakini hoja yake ni nzuri: mteja ndiye anayetumia, wewe umemuuzia karatasi, wino na kazi ya mikono. Ukizichapa wewe na kuziweka rafuni zisubiri mnunuzi, hoja hiyo imekutoka.

Na kompyuta yako ifanye kazi nyingine. Weka Kiwix, programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Mwanafunzi aje na simu yake, umwekee, akasome nyumbani bila kula mega hata moja. Umlipishe kazi yako, ni halali.

Nirudi kwa profesa, maana jambo hili linaniuma. Mtu anayelipwa na Serikali afundishe, kisha silabusi yake ikawa tiketi ya kuingilia mtihani, huyo anaitumia haki ya mtunzi kumfungia mtoto wa maskini mlango. Sheria inampa haki ya kukataza, haimlazimishi kukataza. Mwendee pamoja na shefu wa promosyo, yaani kiongozi wa wanafunzi wa darasa hilo, kwa heshima. Mwombe aiachie kwa leseni huru; akikataa, mwandikiane makubaliano: kwa kila nakala, faranga kadhaa zake, kadhaa zako, na bei isipite kiasi mtakachopanga pamoja na wanafunzi.

*Shikamoo Mama. Natafuta makala ya kitabibu juu ya ugonjwa wa selimundu kwa kazi yangu ya mwisho. Kila nikibofya naambiwa nilipe zaidi ya dola 30. Nifanyeje?*
— Mwanafunzi wa udaktari, Rwashi

Marahaba, mwanangu. Usilipe. Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, mpango wa kusomea makala za tiba mtandaoni, mwaka 2002 pamoja na wachapishaji, na nchi yetu imo katika kundi linalosoma bure. Ila anayeandikishwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Nenda kwa mkutubi wa chuo au wa hospitali unakofanyia mazoezi, umuulize nenosiri la Hinari. Akisema hana, mwombe dekano, yaani mkuu wa kitivo, aandike barua ya kuandikishwa; msiondoke ofisini bila jibu. Wakati mnasubiri, tafuta PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ambako makala kamili husomwa na yeyote. Na mwandikie mtafiti mwenyewe: anwani yake iko chini ya kichwa cha makala. Watafiti wengi hufurahi kusomwa, na ile dola 30 haiingii mfukoni mwao.

*Mama Wakili, mimi ni mwalimu wa sekondari. Nataka kuitafsiri kwa Kiswahili barua ambayo Lumumba alimwandikia mkewe Pauline akiwa kifungoni, niichape kwa wanafunzi wangu. Nimwombe nani ruhusa?*
— Mwalimu, Katuba

Sheria yetu inahesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Lumumba aliuawa hapa kwetu Katanga tarehe 17 Januari 1961, kwa hiyo muda huo ulitimia mwisho wa 2011. Itafsiri. Mambo mawili tu. Kwanza, shika Kifaransa chake ufasiri mwenyewe, usinakili tafsiri ya mtu mwingine, kwa kuwa mfasiri naye ana haki juu ya kazi yake. Pili, usipunguze wala kuongeza neno lake, maana heshima ya mtunzi juu ya maneno yake ni jambo jingine kabisa na ile haki ya kuuza nakala. Juu weka jina la Lumumba, chini jina lako kama mfasiri, na ukipenda andika kwamba walimu wengine wanaweza kuinakili. Ukiwa tayari, mwenye mashine wa Kamalondo atakutolea.