Hopsi ya Uchungu kwa Anayeanza Kupika Bia Nyumbani

Naishi Bavaria, si mbali na Hallertau, ambako hopsi, mmea ambao maua yake huipa bia uchungu na harufu, hupanda kwenye kamba hadi mita saba kwenda juu. Mtu anayeanza kupika bia nyumbani akiniuliza anunue hopsi gani ya uchungu, namwambia anunue Magnum. Halafu namweleza sababu, maana jina pekee halitamsaidia siku atakapolikosa dukani.

Ndani ya ua la hopsi mna unga wa manjano, na katika unga huo mna vitu viwili vya kutuhusu: asidi alfa na mafuta ya harufu. Asidi alfa ikichemka ndani ya maji ya kimea hugeuka, ikayeyuka, ikaleta uchungu. Mafuta hufanya kinyume chake: ukiyachemsha yanapaa na mvuke. Kwa hiyo hopsi ya uchungu hutiwa mapema, dakika 60 kabla ya kuzima moto, na ya harufu hutiwa mwishoni. Waliokulia Kilimanjaro wanaifahamu kazi hii kupitia pombe ya mbege: gome la msesewe limewekwa pale kwa ajili ya uchungu, ladha nyingine zinatoka kwenye ndizi na ulezi.

Mimi nilikosea kwenye bia yangu ya tatu. Nilitaka bia nyepesi ya Kicheki, nikaona niitumie Saaz kwa kila kitu, uchungu na harufu. Saaz ina asidi alfa kama asilimia 3.5 tu, hivyo nilihitaji zaidi ya gramu 70 ndani ya lita 20. Yale majani yote yalichemka saa nzima. Bia ikatoka na ladha ya chai iliyosahauliwa jikoni, na machicha ya hopsi yakanywa maji ya kimea mengi ambayo sikuweza kuyapata tena. Saaz ni hopsi nzuri mno; kosa lilikuwa kuipa kazi isiyo yake.

Sasa tazama Magnum. Ilizalishwa Hüll, kwenye kituo cha utafiti wa hopsi hapo hapo Hallertau, na asidi alfa yake huwa kama asilimia 13. Gramu 20 zina gramu 2.6 za asidi alfa, yaani miligramu 2,600. Kwa bia ya nguvu ya kawaida iliyochemshwa dakika 60, asilimia 23 hivi ya hizo ndiyo hufika kwenye bia: karibu miligramu 600. Gawanya kwa lita 20, unapata 30 kwa kila lita, na hiyo ndiyo IBU 30, IBU ikiwa ni kipimo cha uchungu wa bia. Gramu 20 badala ya 70, na uchungu unaobaki ni safi, haukwaruzi koo wala hauachi ladha ya majani.

Usinakili gramu za mtu mwingine. Asidi alfa hubadilika kila mavuno. Gramu zile zile 20 zikiwa na asilimia 11 zinakupa IBU 25. Zikiwa na 14, unapata 32. Soma namba iliyoandikwa kwenye pakiti yako, kisha piga hesabu upya.

Ukikosa Magnum, Warrior ya Marekani inafaa sana. Ina asilimia 15 hadi 17, kwa hiyo punguza gramu. Chinook na Columbus nazo zina asidi alfa nyingi, lakini husikika hata baada ya saa nzima jikoni, utomvu wa msonobari na viungo. Kwenye IPA, bia chungu yenye hopsi nyingi, nazipenda. Kwenye bia ya ngano siziweki. Utasikia pia mabishano kuhusu kohumuloni, mojawapo ya asidi alfa, kwamba ikizidi uchungu unakuwa mkali. Wapikaji hawajakubaliana, na kwa bia zako za mwanzo usihangaike nayo.

Pakiti ikishafunguliwa, kamua hewa yote, ifunge kwa utepe wa gundi, iweke kwenye friza. Joto na hewa huila asidi alfa, na hopsi iliyochoka hunuka kama jibini. Ikifikia hapo, itupe.

Kwa bia zako tatu za kwanza acha hopsi ya uchungu na IBU vibaki vile vile, ubadilishe ile ya mwisho tu: Saaz, kisha Tettnanger, kisha Cascade. Utazisikia tofauti zao wazi, kwa sababu chini yake hakuna kinachozipigia kelele.